Homa ya Papasi, na Jinsi Damu ya Mwanadamu Inavyomtambua Adui Wake

Ama baad. Hii ni fasili ya kueleza jambo ambalo wasafiri wa bara walilijua kwa macho zamani sana, kabla ya matabibu kulijua kwa hadubini. Watu wawili hulala katika nyumba moja, usiku mmoja, juu ya mkeka mmoja. Mmoja ni mwenyeji, wa pili ni mgeni aliyetoka pwani. Wote wawili huumwa na papasi. Baada ya kiasi cha wiki moja mgeni hushikwa na homa kali, kichwa kikampasuka na viungo vikamlegea, naye mwenyeji yuko shambani analima kama desturi yake. Papasi ni wale wale. Basi tofauti imo katika nini?

Katika zama za misafara, mtu aliyetoka Bagamoyo alipita Usagara na Mpwapwa, akakata nyika ya Ugogo, hata akafika Unyanyembe, yaani Tabora, ambayo Wazungu wa kwanza waliiandika kwa jina la Kazeh. Hapo misafara ilipumzika na njia zikagawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, na nyingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi walishusha mitumba ya nguo na pembe, wakalala. Na nyumba za nchi ile aghalabu zilikuwa matembe, yaani nyumba zenye kuta za udongo, dari bapa ya miti iliyokandikwa udongo, na sakafu ya mavumbi. Tembe la Kwihara, karibu na mji wa Tabora, alimokaa Livingstone mwaka 1872, limehifadhiwa hata leo, na mwenye kulitazama atafahamu mara moja namna ya nyumba inayokusudiwa hapa.

Papasi si kupe wa ng'ombe. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania ngozi siku kadhaa, na mtu humwona akamng'oa. Papasi ana ngozi laini yenye makunyanzi, rangi yake ni ya mavumbi, naye hukaa katika nyufa za ukuta na katika udongo mkavu wa sakafu. Usiku hutoka, akanyonya damu kwa muda usiozidi saa moja, kisha akarejea shimoni mwake kabla ya alfajiri, na aliyeumwa hana habari. Tena ana subira ya ajabu: huweza kukaa miaka bila chakula, akingoja. Na aliyeshikwa na ugonjwa huurithisha kwa mayai yake, hata wanawe huzaliwa nao. Kwa sababu hiyo kambi iliyohamwa haikuwa salama kwa msafara uliofuata, na papasi waliojificha ndani ya mitumba na mikeka walisafiri bure kutoka kituo hadi kituo.

Ugonjwa wenyewe waletwa na kijidudu chembamba kilichojisokota mfano wa parafujo, ambacho huogelea katika damu. Mwaka 1904 matabibu Ross na Milne walikikuta katika damu za wagonjwa Uganda. Mwaka 1905 Dutton na Todd, matabibu wawili waliotoka Liverpool, walithibitisha katika Kongo ya mashariki kwamba papasi ndiye mchukuzi wake. Wote wawili waliambukizwa katika kazi hiyo. Todd alipona, na Dutton akafa Februari mwaka ule ule, huko Kasongo, mji uliokuwa zamani wa Tippu Tip na watu wake, mwisho wa njia ile ile ya pembe ipitayo Tabora. Kijidudu hicho kikapewa jina lake.

Na mwaka huo huo wa 1905, sawa na 1323 Hijria, Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa Dar es Salaam, akawaona Wazungu wakirudi kutoka bara na homa iliyokuwa ikidhaniwa kuwa malaria. Akafuata njia ya misafara, akachimbua udongo wa vibanda walimolala wasafiri, akawakuta papasi karibu kila kijiji, na wengi wakiwa na kijidudu. Lakini wenyeji wa vijiji vile hawakuugua. Koch akasema kwamba wao huugua udogoni, kisha damu yao ikajifunza. Neno hilo, kwamba damu hujifunza, ndilo linalotakiwa kufafanuliwa hapa, kwa maana wengi hulitaja na wachache hulifahamu.

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa mwili una ulinzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa upesi, nao haubagui: ngozi, mate, machozi, na chembe nyeupe za damu zinazomeza kila kigeni zikikutanacho. Mtu huzaliwa nao, wala hauongezeki ujuzi hata akiishi miaka 100. Ulinzi wa pili ni wa kujifunza. Huchelewa, lakini humchagua adui mmoja kwa sura yake, na ukishamjua humkumbuka. Askari wa ulinzi huu ni chembe nyeupe za aina mbili, nazo zote asili yake ni uboho wa mifupa. Moja huitwa chembe B. Ya pili, chembe T, hutoka kwenye uboho ikiwa changa, ikaenda kukomaa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari.

Kila chembe B ina vishikio juu ya ngozi yake, vyote vya umbo moja, na umbo hilo si la jirani yake. Kishikio hicho hunasa kitu cha sura fulani tu, kama ufunguo na kufuli lake. Zimo katika mwili mamilioni juu ya mamilioni ya maumbo mbalimbali, hata yapo ya kunasa vijidudu ambavyo mwenye mwili hajapata kukutana navyo, na pengine hatakutana navyo maisha yake yote.

Swali. Mwili hupata wapi maagizo ya maumbo mengi kiasi hicho, na hali maandiko ya urithi ambayo mtu huyapata kwa wazazi wake yana mpaka?

Jawabu. Mwanachuoni wa Japani, Susumu Tonegawa, ndiye aliyelifumbua fumbo hili mwaka 1976, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1987. Akaonyesha ya kuwa mtu harithi umbo kamili la kishikio, bali hurithi vipande, na kila chembe changa huvichanganya kwa namna yake, ikatwaa hiki na kile, ikaviunganisha. Mtoto wa chuoni atalifahamu jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Herufi za Kiarabu ni 28 tu, naye huzikariri zote kwa siku chache. Lakini maneno yanayoandikwa kwa herufi hizo hayajaisha wala hayataisha.

Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani kijidudu ndicho kinachofinyanga kinga, kama fundi viatu anayempima mteja mguu ndipo akate ngozi. Mwaka 1957 Burnet, tabibu wa Australia, alisema sivyo. Mfano wake hasa ni duka lenye makubadhi ya kila kipimo yaliyokwisha kushonwa: mteja akija hushikwa mguu na jozi moja tu, na fundi huacha mengine yote akashona jozi kama ile usiku na mchana. Maneno yake yalithibiti. Kijidudu kikiingia, chembe iliyozaliwa na kishikio cha kukifaa hukinasa, ikaanza kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, hata baada ya siku chache ni maelfu. Kazi hii hufanyika katika wengu na katika tezi za kwapani, shingoni na kinenani. Mtu mwenye jeraha la mguu akaota mtoki hudhani mtoki ni ugonjwa wa pili. La. Mtoki ni kambi iliyojaa askari wanaozaana.

Chembe B zikizidi hugeuka wafua silaha. Vile vishikio vyao huvimwaga katika damu kwa wingi mno, navyo vikiwa huru namna hiyo huitwa kingamwili. Kingamwili hukigandama kijidudu kikashindwa kwenda, kikatiwa alama, na chembe za kumeza zikakimeza.

Ama chembe T, kazi yake ni mbili. Ziko zinazotoa idhini na kuhimiza, ambazo bila hizo chembe B nyingi hazifanyi kazi sawasawa. Na ziko zinazoua. Kuna vijidudu visivyokaa nje katika damu, bali huingia ndani ya chembe za mwili wenyewe vikajificha humo, kama vya ndui na surua, na kingamwili haziwezi kuvifuata huko. Hapo ndipo chembe T ziuazo huigundua nyumba iliyoingiwa na mwizi, zikaibomoa pamoja na mwizi aliyemo. Na kwa kuwa silaha hii ni kali, chembe T hutahiniwa kwanza katika ile tezi ya kidarini: ile inayoshika viungo vya mwenyewe huangamizwa ingali changa, na nyingi mno huangamizwa katika mtihani huo. Baadhi huponyoka, na miongoni mwa maradhi yaliyowashinda matabibu yako yatokanayo na hizo.

Sasa turejee kwa mgeni wetu aliyelala tembeni. Siku kama tatu anaungua. Ndani ya damu yake vijidudu vinaogelea kwa mamilioni, vyote vimevaa kanzu moja, yaani ngozi ya nje ya sura moja. Wakati huo huo chembe B zenye kukishika kitambaa cha kanzu ile zinazaana katika wengu. Na majaribio ya panya yameonyesha kuwa katika homa ya namna hii baadhi ya chembe B hazingoji hata idhini ya chembe T, kwani adui yuko mbele yao damuni, hakujificha. Ghafla kingamwili zinatosha. Homa hupanda kwa kishindo, mgonjwa akatetemeka, kisha akatoa jasho jingi na mwili ukapoa. Watu wa nyumbani husema amepona. Hula, huketi barazani, pengine hufunga mzigo tayari kwa safari.

Baada ya siku kama saba homa hurejea.

Hapa ndipo penye hila ya kijidudu hiki. Katika maandiko yake ya urithi kimebeba akiba ya kanzu nyingi, zimekunjwa, havai ila moja. Katika kuzaana kwake, mara moja katika maelfu, mwana mmoja hutokea amevaa kanzu nyingine. Kingamwili zilizofuliwa kwa kanzu ya kwanza zikiteketeza jeshi zima, huyo mmoja hazimtambui. Hubaki, akazaa, na baada ya siku kadhaa jeshi jipya limejaa damuni. Wengu huanza darasa upya, chembe nyingine huchaguliwa, kingamwili nyingine hufuliwa, na homa hushuka tena. Huenda hivyo mara kadhaa, na kila marejeo kwa kawaida huwa mepesi kuliko yaliyotangulia, mpaka adui huishiwa na mavazi yenye kumfaa au mgonjwa huishiwa na nguvu. Msafiri wa zamani aliyezikwa kando ya njia baina ya Ugogo na Unyanyembe, baada ya kupona mara tatu, habari yake ni hii.

Linganisha na ndui. Burton alipofika Kazeh Novemba 1857, sawa na 1274 Hijria, aliandika kwamba ndui haikuwa imeondoka katika mji wa Waarabu kwa miaka, na kwamba Waarabu walikuwa wameanza kuchanja watu kwa kutia usaha wa ndui katika mkato mdogo baina ya nyusi. Desturi hiyo ilikuwa na hatari, kwani usaha ule ulikuwa na ndui hai, na baadhi ya waliochanjwa waliugua kweli kweli. Lakini aliyeiponea ndui, ya kuchanjwa au ya kawaida, aliweza kuwauguza wagonjwa na kuwazika maiti bila hofu. Kwa nini? Kwa sababu kirusi cha ndui hakina sanduku la kanzu. Huja na vazi moja, na mwili ukishalijua huacha nyuma chembe za kumbukumbu zinazoishi miaka mingi, na wafua silaha wengine wakakaa ndani ya uboho wakitoa kingamwili kidogo kidogo. Kumbukumbu hii yaweza kudumu umri mzima. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, vilivyo baharini kaskazini ya Uingereza, ambavyo havikuwa na surua tangu 1781. Tabibu Panum wa Denmaki akaona ya kuwa wazee walioiugua miaka 65 nyuma hawakuguswa hata mmoja, na vijana waliugua karibu wote.

Al-Razi, tabibu mkubwa wa Waislamu aliyefariki yapata mwaka 313 Hijria, alitunga kitabu juu ya ndui na surua akizipambanua moja na nyingine. Alieleza kwamba damu ya mtoto ni kama maji ya zabibu mabichi, nayo huchemka katika ndui ikaiva, na kitu kikiisha kuiva hakiivi mara ya pili. Sababu aliyoitoa si sahihi, lakini alichokiona ni sahihi, na wapo wenye vyombo bora kuliko vyake walioona vichache kuliko yeye.

Na kwa kuwa ndui ina vazi moja, chanjo iliiweza. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, katika mji wa Marka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Mwaka 1980 ikatangazwa rasmi kuwa ndui imekwisha duniani. Ama homa ya papasi haina chanjo hata leo, na sababu yake imekwisha tajwa.

Tanbihi. Yuko anayesema, "Papasi wetu hawana neno, tumekua nao." Huyu asema kweli juu ya nafsi yake, na hasemi kweli juu ya nyumba yake. Kinga yake imo katika damu yake tu, haikupakwa ukutani. Na walio katika hatari ni watatu: mgeni, mke mwenye mimba, na mtoto mchanga. Mwanamke mwenye mimba, hata akiwa mzaliwa wa pale pale, ugonjwa humpata kwa nguvu zaidi, na kijidudu huvuka kondo la nyuma kikamfikia mtoto tumboni. Huko Mvumi, karibu na Dodoma, mahali palipo juu ya njia ile ile ya zamani, matabibu wa hospitali waliochunguza jambo hili katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wagonjwa wengi wenye mimba walipoteza mimba au watoto wao wachanga. Baba alikuwa mzima wa afya nyumba ile ile.

Labda mtu atauliza: kingamwili za mama hazimfikii mtoto? Humfikia. Katika miezi ya mwisho ya mimba kingamwili za mama huvuka kwenda kwa mtoto, na baada ya kuzaliwa hunywa nyingine katika maziwa, hasa yale ya manjano ya siku za kwanza, ambayo baadhi ya watu huyakamua wakayamwaga kwa ujinga. Lakini hizo ni silaha za kuazima, nazo huisha baada ya miezi. Tena mama hawezi kuazimisha asichonacho: akiwa hajui kanzu ile, mtoto naye haijui. Na zikiwapo bado, zaweza hata kuizuia chanjo isifundishe. Ndiyo sababu chanjo ya surua katika Tanzania haitolewi mtoto akizaliwa, bali hungojewa mwezi wa 9, na ya pili mwezi wa 18. Mzazi anayesema kwamba mwanawe amechanjwa mara moja na yatosha, na ajue ya kuwa wako watoto ambao mara ya kwanza hawakujifunza.

Wala kuilinda nyumba na papasi si kupungukiwa na tawakali. Kisa cha Sayyidna Umar kugeuza safari pale Sargh, alipoambiwa tauni imeingia Shamu, chajulikana na kila aliyesoma, hakuna haja ya kukirefusha. Mambo yenyewe si mazito: nyufa za ukuta zizibwe, sakafu isakafiwe kwa saruji kwa anayeweza, mgeni apewe kitanda kilichoinuka mbali na ukuta wala asilazwe mkekani chini, na mwenye mimba aondolewe kabisa katika chumba chenye papasi. Na mwenye homa inayokwenda na kurudi apelekwe zahanati, apimwe damu wakati homa imepanda, kwani ikishuka vijidudu huwa vichache mno hata havionekani. Dawa zipo na zaua upesi, lakini mgonjwa aweza kutetemeka sana na joto likapanda saa chache baada ya kuzipata, kwa ajili ya vijidudu vingi kufa kwa mara moja. Asiogopeshwe na jambo hilo, lakini asiachwe peke yake.

Imebaki mas'ala moja. Kinga ya ndui hudumu, je, ya papasi? Hii haidumu hivyo. Mwenyeji hukaa salama kwa kuwa huumwa mara kwa mara, na damu yake hukumbushwa kila mara kanzu za vijidudu vya kwao. Akiondoka, masomo hufifia. Kijana wa Unyanyembe aliyekwenda pwani kusoma, akakaa miaka, kisha akarudi kulala katika tembe la baba yake alimozaliwa, hali yake si ya mwenyeji tena. Papasi waliomo nyufani wamemngoja miaka yote hiyo, naye afaa apewe kitanda cha mgeni.